Mahindi ya Sugoi na Karne ya Mikopo

Wakenya wengi wanaijua Sugoi kama nyumbani kwa Rais William Ruto, aliyeingia Ikulu Septemba 2022 akijinadi kuwa hasla aliyewahi kuuza kuku kando ya reli. Wenyeji wanaijua kwa mahindi. Na mahindi ya uwanda huu wa Uasin Gishu, tangu yaanze kulimwa kibiashara, yamelimwa kwa mkopo.

Makaburu walifika hapa mwaka 1908, na reli ikaingia Eldoret mwaka 1924. Bei za nafaka duniani zilipoporomoka, serikali ya kikoloni iliwaanzishia walowezi Benki ya Ardhi mwaka 1931. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ikawahakikishia malipo hata mavuno yakiharibika. Mwafrika aliyewalimia hakuwa na lake katika mpango huo.

Uhuru ulipokaribia, mashamba mengi ya wazungu yalinunuliwa kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia. Waliogawiwa walikabidhiwa ardhi na deni lake. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara ya 611. Mavuno yaliongezeka, ila mkulima hakuweza tena kutenga mbegu ghalani mwake. Kila msimu sharti anunue mbegu mpya, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, na dizeli ya trekta. Tangu hapo, mafuta yakipanda Ghuba, Sugoi inalipa.

Serikali nayo ilikuwa mkopaji. Bwawa la umeme la Turkwel, la megawati 106, lilijengwa kwa fedha za Ufaransa kuanzia mwaka 1986 na kuzua kelele kuhusu gharama yake. Katika miaka ya 1990, wakopeshaji walishinikiza soko la nafaka lifunguliwe, na bodi ya nafaka, NCPB, ikapoteza ukiritimba wake. Mwaka 2014 Kenya iliuza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, ya dola bilioni 2. Muda wa kuilipa ulipokaribia, Februari 2024, ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya karibu asilimia 10.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka zaidi, hadi waandamanaji wakaingia Bungeni Juni 25 na rais akauondoa kesho yake.

Kwa upande wa mbolea, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 mwaka 2022. Ruzuku ikaushusha hadi 3,500, kisha 2,500. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa ruzuku ilikuwa na mbolea bandia, na msimu wa kupanda haumsubiri mtu.

Uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023. Takwimu hiyo haimwambii mkulima kama gunia lake la kilo 90 linanunua mbolea na dizeli zaidi kuliko mwaka uliotangulia, wala haimwambii mama wa mjini kama pakiti ya unga imeshuka. Ukuaji usiojibu maswali hayo mawili ni wa makaratasi. Bajeti ijayo itakaposomwa, wabunge wa maeneo ya mahindi wamuulize waziri hayo kabla ya kuidhinisha mkopo mwingine.