Kubeba na Kuvuta: Historia ya Maneno Mawili katika Bonde la Mbwemkuru

Yapo maneno ambayo mzungumzaji huyatumia moja badala ya jingine bila madhara, mpaka yaingie katika sheria au maelekezo ya mtambo. Miongoni mwake ni "kubeba" na "kuvuta".

Historia ya bonde la Mbwemkuru, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, yaonyesha jinsi maana hizi zilivyoachana. Mwaka 1917, Waingereza na Wajerumani walipopigana katika bonde hilo, shehena za majeshi zilitegemea sana wapagazi, maana mbung'o waliwaangamiza wanyama wa kazi. Mzigo ulikuwa kitu cha kubebwa, na kipimo chake kilikuwa kichwa cha mtu.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, ambao maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Chombo kilichoundwa kubeba mzinga sasa kilitakiwa kuvuta. Reli kutoka pwani ilifika Nachingwea mwaka 1949. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo korosho na mazao mengine yametegemea barabara: lori, trekta na pikapu yenye tela.

Majina ya vyombo hayakutusumbua. "Gari" tulilipata kutoka Kihindi, "trekta" na "tela" kutoka Kiingereza. Lililochelewa ni msamiati wa nguvu zinazofanya kazi baina ya vyombo hivyo. Pikapu ikiongezewa bamba za springi, husemwa "imeongezewa nguvu". Kauli hiyo yafunika mambo matatu: uwezo wa kubeba, uwezo wa kuvuta na uwezo wa kusimama. Bamba hizo husaidia lile la kwanza tu; haziongezi breki, wala haziimarishi mahali tela linapoungwa. Dereva anayezitegemea mteremkoni hujikuta akisukumwa na mzigo aliodhani anauvuta.

Aidha, sehemu ya uzito wa tela hulalia gari linalovuta. Inafaa iwe takriban sehemu 1 kwa 10 ya uzito wote wa tela. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, uzito huo hupungua na tela huanza kuyumba. Ukizidi mbele, magurudumu ya mbele ya pikapu hupungukiwa na uzito, na usukani huwa mwepesi mno.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu zijadiliwe: "uzito wa kubebwa", kwa mzigo ulio juu ya gari lenyewe; "uzito wa kuvutwa", kwa tela pamoja na shehena yake; na "uzito wa mwegemeo", kwa ule unaolalia kiungo. Hakuna hata moja iliyo ngeni masikioni mwa fundi wa Nachingwea.

Suala hili si la kamusi peke yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Mfasiri atakayeandika "mzigo" pasipo kubainisha ni upi, atakuwa amemwachia dereva afasiri mwenyewe, akiwa tayari mteremkoni.