Gari la Sinema na Ukungu wa Lenzi

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa mambo mawili. Kuna ukungu unaotanda Newala alfajiri hata nyumba ya jirani isionekane, na kuna ukungu unaoota juu ya mkate au juu ya viatu vilivyosahauliwa uvunguni. Anayeinua lenzi ya projekta iliyokaa miaka mingi bila kazi na kuielekeza kwenye mwanga atasema vilevile: ina ukungu. Neno si baya, lakini linaficha jambo. Ndani ya lenzi moja huweza kuwamo maradhi mawili, na mwanahistoria hana budi kuyatenganisha kama anavyoyatenganisha fundi.

Niliishika lenzi ya namna hiyo Lisekese, Masasi, kwa mzee mmoja aliyeendesha sinema ya serikali enzi za ujana wake. Anayo projekta ya filamu za milimita 16, pamoja na mikebe miwili ya filamu ambayo vibandiko vyake vimeliwa na mende. Hajui tena ndani mna nini. "Mwalimu," aliniambia, "mashine inazunguka, taa inawaka, ila picha ni maziwa matupu." Alikuwa sahihi. Kilichokufa ni kipande cha chuma na vioo kinachoenea kiganjani.

Mashine hizi zilikuja kwetu na siasa yake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35, kwa fedha zilizotoka hasa katika shirika la Carnegie la Marekani. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikifundisha habari za safura, kilimo na kuweka akiba posta. Waliozisimamia waliamini kwamba Mwafrika ni wa kuonyeshwa na kuelekezwa. Chache zilizosalia zimehifadhiwa London, na mjukuu wa aliyepigwa picha Usambara hana budi kuzitafuta huko.

Mapema miaka ya 1950 chombo hicho kilianza kuponyoka mikononi mwa wenyewe. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea, alifanya kazi katika sinema ya serikali iliyozunguka vijijini, akawa pia mwigizaji mkuu wa filamu ya Muhogo Mchungu. Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sidhani kwamba aliyemkabidhi gari la sinema alikusudia hivyo. Baada ya uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na taasisi ya picha na sauti ikafuata katika miaka ya 1970. Kwa mikoa ya Kusini, ambako mvua ziliweza kuikata barabara ya Dar es Salaam kwa wiki nyingi hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, gari lililokuja na jenereta yake na shuka jeupe lilikuwa miongoni mwa nyakati chache ambapo dola ilifika kijijini ikiwa na kitu kingine zaidi ya amri. Kisha zikaja kanda za video, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Magari yakaegeshwa.

Hapo ndipo ukungu unapoingia katika historia. Lenzi inayofanya kazi haioti kuvu kwa urahisi. Taa ya projekta hutoa joto kali, na joto hilo huikausha lenzi kila inapotumika; mwendeshaji naye huifuta. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, lakini huhitaji unyevu wa hewa unaozidi takriban asilimia 65 au 70, utulivu na chakula, yaani vumbi au mafuta ya kidole. Sanduku la bati lililofungwa kifuku kizima, tangu Desemba hadi Aprili, huwapa vyote hivyo. Kwa hiyo serikali inapoandika neno "chakavu" kwenye orodha ya mali zake, mimi husita. Uchakavu hutokana na kutumika. Hiki kilichoiua lenzi ya Lisekese kimetokana na kutotumika.

Tatizo hili si la umaskini wetu peke yetu. Katika Vita Kuu ya Pili, darubini za majeshi yaliyopigana New Guinea ziliota kuvu hata wanasayansi wa Australia wakaagizwa kutafuta dawa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1946. Wakati huohuo askari wetu wa KAR walikuwa katika mvua za Burma.

Sasa maradhi yenyewe. Kuvu huonekana kama nyuzi zenye matawi, mfano wa utando wa buibui, zikianzia mara nyingi ukingoni mwa kioo. Ugonjwa wa pili hauna nyuzi. Ni utando mwembamba uliosambaa sawasawa, unaotokana na grisi ya kwenye mwili wa lenzi iliyogeuka mvuke na kutua juu ya kioo. Huu wa pili hutoka kwa alkoholi safi na karatasi ya lenzi. Wa kwanza huhitaji mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia, kwa kipimo sawa, mahali penye hewa ya kutosha, kisha maji yaliyokenekwa, kisha kukausha.

Kabla ya hayo kuna kazi ya mwandishi wa kumbukumbu: kufungua pete kwa spana yenye ncha mbili, kuchora kila kioo kimetazama upande gani, na kupuliza vumbi kwa mpira kabla ya kugusa chochote, kwa maana chembe moja ya mchanga wa Masasi chini ya kitambaa hukwaruza kuliko kuvu. Lenzi nyingi za projekta hufuata mpangilio alioubuni Joseph Petzval mwaka 1840, ambapo vioo viwili vya mbele vimegandishwa kwa gundi. Hivyo havilowekwi. Ikiwa wingu limo katikati yake, gundi ndiyo iliyooza, na kufuta juu ni kupoteza muda.

Kuhusu jua, ninalosikia likisifiwa sana: miale yake huweza kuua kuvu, lakini haiuondoi mwili wake wala haifuti alama. Kuvu hutoa asidi inayokula kioo na utando wake wa kuzuia mng'ao. Ikishakula, hakuna dawa inayorudisha.

Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala wanalijua somo hili kuliko wahadhiri. Ubwiri unga, ulioitesa mikorosho yetu, nao ni kuvu, na mkulima hupuliza salfa maua yakiwa bado mabichi. Hasubiri yaanguke. (Asije mtu akapuliza salfa kwenye lenzi, salfa na shaba haviivani.) Kinga ya lenzi ni rahisi zaidi: chombo kisichopitisha hewa, pakiti za silika zinazokaushwa mara kwa mara, na kamwe si mkoba wa ngozi, ambao hunyonya unyevu na kuutunza.

Lenzi ya mzee ilitoa nyuzi zake, ikabaki na michoro hafifu ukingoni. Picha imerudi, imefifia kidogo. Filamu ni suala jingine: mkebe unaotoa harufu ya siki una filamu iliyoanza kuoza na kusinyaa, na kuipitisha kwenye projekta ni kuichana. Mmoja kati ya miwili unanuka.

Katika stoo za halmashauri zetu kuna vifaa vya aina hii vinavyosubiri mnada, ambako huuzwa kwa kilo. Ninaomba jambo moja kwa wanaoandaa minada hiyo: mikebe ya filamu itolewe kwanza kwenye rundo, ifunguliwe, inuswe, iorodheshwe, na orodha ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla nyundo ya dalali haijagonga meza.