Tharia Topan na Nyumba ya Mizingani

Mtu anayetoka bandarini Unguja na kushika njia ya Mizingani, kabla hajaufikia Mti Mkubwa, huiona kushotoni kwake nyumba ndefu yenye roshani za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi. Sisi tuliozaliwa Mji Mkongwe tuliijua kwa jina moja tu, Dispensari. Mama zetu walitushika mkono wakatupeleka pale tulipougua macho au homa, tukangoja zamu yetu chini ya zile roshani, tukapewa dawa katika chupa tuliyokwenda nayo wenyewe kutoka nyumbani. Nani aliyeijenga hatukuuliza.

Tuliuliza baadaye sana, tumeshakuwa watu wazima na tumeshahamia ng'ambo, na tunaona haya kusema kwamba katika miaka yote tuliyofundisha tarekhe tulimtaja mwenye nyumba ile kwa mstari mmoja. Tulikuwa tukiandika juu ya masultani, maliwali na wasafiri wa bara. Wahindi tuliwaachia Wahindi wenzao wawaandike, nao wakamwandika kama Khoja wa Kachi aliyepata utajiri, bila ya kumweka pamoja na Waarabu na Waswahili aliofanya nao kazi maisha yake yote. Kwa hivyo mtu huyu amegawika mapande mawili, na makala haya ni jaribio la kuyaunga.

Tharia Topan alizaliwa mwaka 1823 Lakhpat, bandari ya Kachi kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Bara Hindi. Miaka minne kabla ya hapo, zilzala kubwa ya 1819 iliuhamisha mkondo wa mto ulioulisha mji ule, na biashara ikaanza kufifia. Vijana wa Lakhpat walikuwa na sababu ya kutazama baharini. Simulizi za jamaa zake zinasema alifika Unguja akiwa na umri wa miaka 12 hivi, amejificha ndani ya jahazi, hana kitu wala mtu. Simulizi za matajiri aghalabu huanza hivyo, na msomaji ana haki ya kutia shaka kidogo. Lisilokuwa na shaka ni kwamba aliingia kazi za chini katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodi forodha ya Sayyid Said, chini ya msimamizi wake Ladha Damji. Hawa walikuwa Mabaniani, yeye ni Khoja Muislamu. Inasemekana elimu ya hisabu aliipata usiku, baada ya kazi. Hatimaye akawa ndiye mwenye kuaminiwa madaftari ya mikopo.

Hapo kwenye mikopo inafaa tusimame kidogo, maana bila ya kuifahamu hatuwezi kuifahamu Unguja ya karne ya 19. Msafara wa bara haukuondoka kwa fedha taslimu. Mwenye msafara alikwenda kwa tajiri wa Kihindi mjini, akachukua marekani, kaniki, ushanga, masango ya shaba, bunduki na baruti, vyote kwa deni. Bei iliyoandikwa daftarini ilikuwa kubwa kuliko bei ya sokoni, na humo ndimo ilimokuwa faida ya kungoja. Kisha huyo bwana akapotelea Tabora, Ujiji au Manyema, mwaka, miaka miwili, pengine mitano. Akirudi, pembe zake zinakwenda kwa yule yule aliyemkopesha. Akifa njiani, au akipigwa na kunyang'anywa, daftari linabaki na jina lisilolipa. Biashara nzima ilisimama juu ya kumjua mtu: baba yake nani, alilipa vipi safari iliyopita, ameacha shamba gani la mikarafuu. Neno "tajiri" katika lugha ya misafara lilikuwa na maana hiyo hasa, yaani yule anayekupa mali ya kuondokea.

Tajiri wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa Tharia Topan. Mwenyewe Hamed amelisema hilo katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, na wanaoyasoma watamkuta Tharia akitokea kila safari inapoandaliwa na kila pembe zinaporudi pwani. Mmoja ni Mwarabu wa pwani mwenye nasaba ya Maskati, mwengine ni Khoja wa Kachi, na madhehebu zao mbali kabisa. Kilichowafunga ni daftari, na baada ya miaka mingi hatudhani kilikuwa daftari peke yake. Wamarekani wa Salem nao walifanya biashara naye. Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu wa Unguja, katika kitabu chake cha 1872 alimtoa Tharia miongoni mwa wafanyabiashara wote wa mji akasema uaminifu wake umekuwa mfano wa kupigiwa.

Lakini hatuwezi kuandika juu ya uaminifu wa daftari tukanyamaza juu ya kilichokuwa kikiendeshwa na daftari lile. Baruti iliyokopeshwa Unguja ililia Manyema. Pembe zilibebwa na watu, na wengi katika hao hawakuondoka makwao kwa hiari yao, na wengine waliuzwa zilipofika pembe. Tharia hakwenda bara. Alikaa mjini, na baada ya mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa alihesabiwa na Waingereza kuwa miongoni mwa waliowasaidia katika jambo hilo. Mwaka 1890 wakampa cheo cha Sir. Yote mawili ni kweli juu ya mtu mmoja, na sisi tunaoandika kutoka Maskati au London, ambao babu zetu nao majina yao yamo katika madaftari hayo, hatuna sababu ya kulificha moja ili kulipamba jengine.

Forodha aliipata mwaka 1876. Msomaji kijana huenda akaona ajabu kwamba dola iliikodisha forodha yake kwa mfanyabiashara, lakini ndivyo ilivyokuwa tangu zama za Sayyid Said. Mkodishaji hulipa fungu maalumu kila mwaka, kisha hukusanya ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na kinachozidi ni chake. Vile vile humkopesha Sultani. Sayyid Barghash alipotawala mwaka 1870 alikuta nyumba ya Jairam Shivji inadai zaidi ya riale laki tano kwa madeni ya kaka yake, Sayyid Majid. Kumpa Tharia forodha kulikuwa pia ni njia ya kujikwamua na mdai mmoja mkubwa. Kijana aliyefagia nyumba ya Jairam, ikiwa simulizi ni za kweli, sasa alikaa mahali pa mabwana zake.

Turudi Mizingani. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliahidi kuijengea Unguja hospitali ya maskini, na jiwe la msingi likawekwa mwaka huo huo. Msingi ulikuwa mpana na nakshi zilikuwa ghali. Sayyid Barghash akafariki mwaka 1888. Tharia, afya yake imeshapungua, alikwenda Bombay na huko akafariki mwaka 1891. Kazi ya ujenzi ikasimama. Kuta zilikuwa zimeshapanda, zinatazama bahari, hazina mtu.

Mjane wake, Bibi Janbai, ndiye aliyeishughulikia ahadi ile. Tunataka msomaji apime uzito wake. Tangu mwaka 1847 mahakama ya Bombay ilikuwa imeamua kwamba mirathi ya Makhoja ifuate mila yao, si fungu lililotajwa katika sharia, na mila ile ilikuwa bakhili kwa wanawake. Biashara ya marehemu ilikuwa imetawanyika baina ya Unguja na Bara Hindi, na ahadi ya hospitali haikuwa deni ambalo mdai yeyote angeweza kulipeleka mahakamani. Maskini wa Unguja hawakuwa na hati mkononi. Angeliweza kuziuza zile kuta, na hapana ambaye angelishangaa. Kazi ilianza tena mwaka 1893 na nyumba ikamalizika mwaka 1894.

Ilimalizika, lakini haikuwa hospitali. Mali ya kuiendesha haikuwapo tena. Mwaka 1900 ilinunuliwa kwa mali ya tajiri mwengine wa Kikhoja, Haji Nasser Nur Muhammad, na hapo ndipo chini pakawa dispensari ya sadaka na ghorofa za juu zikawa za kukaliwa. Sasa, Tharia alikuwa Ismaili mtiifu kwa Aga Khan. Haji Nasser alikuwa Ithnaashari. Makhoja wa Unguja waligawika katika karne ile ile, na mgawanyiko ule ulikuwa mchungu, ndugu kwa ndugu, hata kuoana na kuzikana kukawa tabu. Wazee wa mji waliiita nyumba ile Dispensari ya Ithnaashari. Katika jina hilo jina la Tharia likapotea, na bado dawa zilitolewa kwa kila aliyefika mlangoni, Mngazija, Mshihiri, Mshirazi, bila ya kuulizwa anasali wapi. Tunalisema hili kwa sababu tulikuwamo.

Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba iliingia mikononi mwa serikali, na kufika miaka ya 1980 roshani zilikuwa zikidondoka. Ilitengenezwa upya katika miaka ya 1990 na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, kwa hivyo kwa namna fulani imerudi ilikotoka.

Tulipokwenda Unguja mara ya mwisho tulimkuta kijana anauza vinyago karibu na mlango. Tukamuuliza nyumba hii ya nani.

"Hii Dispensari, babu," akatujibu.

Tukamtajia jina la Tharia Topan. Akalirudia mara mbili ili alishike, kisha akauliza kama ana jamaa zake waliobaki mjini. Tukamwambia atupishe tukae, maana magoti hayatuwezeshi kusimama muda mrefu, tukaanza kumweleza.