Kuni za Pemba: Habari za Msitu, Mikoko na Mikarafuu

Watu wengi wakitaja kisiwa cha Pemba hutaja karafuu. Vitabu vya historia navyo hufanya vivyo hivyo: vyatueleza habari za wafalme, za vita, za bei ya karafuu na za majahazi yaliyoichukua ng'ambo. Lakini wale waliochuma karafuu walikula, na chakula chao kilipikwa kwa moto, na moto ule ulihitaji kuni. Leo basi tumekusudia kuzungumza habari za kuni: jinsi zilivyokatwa na kuuzwa kisiwani Pemba tangu zamani, na mambo ambayo kazi hiyo yatufundisha juu ya maisha ya watu. Tusiidharau habari hii kwa kuwa ni ya jikoni. Atakaye kujua kama nchi ilikuwa na neema au dhiki, na atazame watu wake walikuwa wakichoma nini.

Kwanza tukumbuke nchi yenyewe ilivyokuwa. Pemba ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 hivi, chenye vilima vingi na mabonde, tena mvua yake ni nyingi. Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhra, maana yake kisiwa cha kijani. Sehemu kubwa yake ilikuwa msitu wa miti mirefu, kama vile mivule. Atakaye kuona mabaki ya msitu ule na aende Ngezi, upande wa kaskazini magharibi. Huko ziko hekta 1,440 hivi za msitu wa asili, na ndani yake uko mpapindi, mnazi-mwitu wa Pemba, na popo wakubwa wa kisiwa hiki ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine duniani.

Zamani hizo kuni hazikuwa bidhaa. Kila nyumba iliokota nyuma ya ua wake, na kitu walicho nacho wote hakina bei. Iko kazi moja tu iliyokula miti kwa wingi, nayo ni kuchoma chokaa. Katika magofu ya Ras Mkumbuu, Chwaka na Pujini twaona hata leo kuta za mawe zilizoshikwa kwa chokaa. Chokaa ile ilipatikana kwa kupanga magogo mengi chungu nzima, kuweka juu yake mawe ya matumbawe, kisha kuyawasha hata mawe yakageuka kuwa unga mweupe. Kwa hiyo kila ukuta wa msikiti wa kale ulikuwa na magogo yake yaliyoteketea, ingawa sisi tuutazamapo twaona mawe tu.

Hata ilipofika karne ya kumi na tisa, mambo yaligeuka. Mikarafuu ilikwisha kuletwa Unguja, na Seyyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Pemba, iliyokuwa ikisifika kwa mpunga na kuilisha Mombasa kwa muda mrefu, ikaanza nayo kupandwa mikarafuu. Kisha mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ikapiga Unguja na kuing'oa mikarafuu mingi, lakini sehemu kubwa ya mikarafuu ya Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko Unguja, na kila aliyeweza alitafuta ardhi ya kupanda. Misitu ikafyekwa kilima baada ya kilima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara.

Hapo ndipo kuni zilipoanza kuwa na bei. Wakati wa kufyeka, miti iliyoangushwa ilikuwa tele. Lakini palipokwisha kupandwa, hapakuwa na msitu tena, pakawa na shamba, na shamba lina mwenyewe. Mtu aliyekuwa akiokota ukuni bila ya kuuliza sasa alipaswa kuomba ruhusa, au kwenda mbali, au kununua.

Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Seyyid Hamoud. Lakini aliyepata uhuru hakupata shamba. Wengi walibaki katika ardhi ya mabwana, wakipalilia mikarafuu na kulima muhogo wao chini yake. Msimu wa kuchuma ulipofika, pesa zilionekana. Msimu ulipokwisha, zilikwisha nazo. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja huinama kwa mazao, na mwaka wa pili pengine hauna kitu. Basi mtu asiye na mti wake mwenyewe afanye nini katika mwaka mbaya? Huuza muhogo, huvua, husuka makuti, au hushika shoka. Kuni ni bidhaa ya mtu asiye na bidhaa. Hazitaki mtaji wala shamba. Zataka shoka, kamba na kichwa cha kuchukulia. Na wanunuzi hawakukosekana katika miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani, kwa wapika mikate, kwa wenye mikahawa, na katika nyumba zisizo na shamba.

Msitu ulipopungua, watu waligeukia pwani. Pemba ina ghuba nyingi zilizojaa mikoko, nayo si ya aina moja. Uko mkoko wenyewe, uko msinzi, uko mkandaa, uko mchu, na uko mlilana unaosimama mbele kabisa kuelekea bahari. Tangu zamani miti hii ilikatwa boriti za kuezekea nyumba, na boriti nyingi za pwani yetu zilipelekwa Uarabuni, ambako miti mirefu ni haba. Magome yake yalitumika kutia ngozi dawa. Na kuni za mikoko zina sifa yake: mti wake ni mzito, moto wake ni mkali, na makaa yake hukaa sana. Mkataji huingia maji yakipwa, akakata miguu ikizama matopeni, kisha hungoja maji yajae ili chombo kielee na kuchukua mzigo.

Kazi hii ni ngumu, lakini hasara yake haionekani siku ile ile. Mizizi ya mikoko ndiyo inayozuia udongo usichukuliwe na maji, na katikati yake hulelewa kaa, kamba na samaki wadogo. Ikikatwa yote, mvuvi hurudi na dema tupu. Tena bahari haikai mahali pake. Huingia mabondeni, na yako mabonde ya mpunga ya Pemba ambayo yameingiliwa na maji ya chumvi yasipandike tena. Hivyo aliyeuza kuni na aliyepoteza mpunga pengine ni watu wa kijiji kimoja.

Sasa twafika katika sehemu ya habari hii inayosikitisha zaidi. Baada ya msitu na mikoko, zamu ya mkarafuu wenyewe ilifika. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini uliingia ugonjwa wa kuua mikarafuu ghafla: mti mzima wenye afya hukauka majani kwa muda mfupi ukafa umesimama. Mti uliokufa haukuwa na kazi ila kuwa kuni, na mtu aliyeuchoma hakuwa na kosa. Lakini baadaye ilikuja dhiki ya namna nyingine. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu yetu, ilipanda mikarafuu yake mingi, na katika miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ikaanguka. Huku kwetu, mnunuzi aliyeruhusiwa alikuwa shirika moja la Serikali, na fungu lililomfikia mkulima lilikuwa dogo. Mashamba mengi yakaachwa yakaota magugu, na mikarafuu mingine, mibichi na mikavu, ikaishia mafyani.

Hebu tufikiri jambo hili. Mkarafuu hutaka miaka 6 hata 8 kabla ya kuzaa, na ukitunzwa huweza kumzalia mtu, na mtoto wake, na mjukuu wake. Ukikatwa na kupasuliwa matita, hupika vyungu vya siku chache. Hapana mtu mwenye akili afanyaye biashara hiyo kwa kupenda. Huifanya aliyeona kwamba mti umesimama na watoto wana njaa. Sheria za kuukataza mkarafuu usikatwe bila ya kibali ziko, lakini zikiwa peke yake hazimlishi mtu. Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar ilipoipandisha sana bei anayolipwa mkulima, mkarafuu uliosimama ukawa na thamani kuliko mkarafuu uliokatwa. Bei njema ilikuwa mlinzi ambaye halali usiku.

Hata hivyo haja ya kuni haikupungua. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha kuwa Pemba ina watu 114,587. Hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 406,848. Na ile ya mwaka 2022 ilipita laki tano. Kisiwa ni kile kile. Umeme ulivushwa kwa waya chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, nao ulileta taa na mashine, lakini katika nyumba nyingi chungu kimebaki juu ya mafya. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilifungua njia ya vijiji kupewa haki ya kutunza misitu yao, na tangu 2010 mradi uitwao Hifadhi ya Misitu ya Asili ukasaidia kuandika mapatano hayo katika vijiji vya Unguja na Pemba.

Basi tusimlaumu mwanamke tumwonaye njiani na tita la kuni kichwani. Yeye hakufyeka vilima wala hakuangusha bei. Tukitaka ahifadhi mti, na tuhakikishe kuwa mti una faida kwake ukiwa hai. Na sisi wenyewe yako tunayoweza kufanya: kupanda mivinje na miti mingine iotayo upesi iwe ya kuni, kukata matawi na kuliacha shina, kutumia makumbi, vifuu na makuti makavu ambayo nazi hutupa bure, na kujenga jiko la udongo lisilopoteza moto. Wazee walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Msitu, mikoko na mashamba ndiyo mafya matatu ya Pemba. Likiondoka moja, chungu cha wote humwagika.

Hapa ndipo tunapoishia mazungumzo yetu. Kwaherini.