Taa ya injini ikirudi mara ya tatu, usikimbilie duka la spea

Kuna lalamiko moja linaloletwa gereji yetu karibu kila wiki. Mwenye gari anasema: "Fundi, nikisimama kwenye foleni gari linatetemeka mpaka usukani unacheza. Na ile taa ya injini wameizima mara mbili, imerudi tena." Mara nyingi huwa amebeba na risiti: plagi mpya, sensa mpya, filta mpya. Gari bado linatetemeka.

Nimefungua boneti za kutosha hapa Mombasa kujua kwamba pesa nyingi zinazopotea kwa shida hii hazipotei kwa sababu gari limeharibika sana. Zinapotea kwa sababu mtu alisoma kodi akadhani ametajiwa jina la spea. (Kodi ninayoisema hapa si ile ya KRA, ingawa zote mbili hukufuata mpaka nyumbani.)

Tuanze na kodi yenyewe. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, magari mengi ya miaka ya karibuni yana tundu la pini 16. Fundi huchomeka mashine hapo na kusoma herufi na tarakimu, kwa mfano P0171 au P0302. Herufi P inahusu injini na gia. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari ya Japani yaliyotengenezewa soko la kwao, ndiyo mengi yanayoshushwa hapa bandarini, nayo yana tundu hilo, lakini baadhi ya yale ya zamani hayasomeki kwa kila mashine. Mashine ikikwambia "hakuna kodi" na taa inawaka, jaribu mashine nyingine kabla ya kuamini.

Kompyuta ya gari haina macho. Haioni plagi iliyochoka wala mpira uliopasuka. Inachojua ni kile inacholetewa na sensa. Kwa kodi za P0300 hadi P0304, yale mambo tunayoyaita gari "kumisi", kompyuta inapima mwendo wa shafti kuu ya injini. Kila silinda ikilipuka sawasawa, shafti hupata msukumo. Silinda moja ikikosa, shafti inazubaa kidogo, na kompyuta inajua ni zamu ya nani. P0302 maana yake silinda ya pili imekosa pigo. Imekosa kwa nini? Kodi haisemi. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli, hewa inayovuja, au valvu isiyofunga. P0300 maana yake pigo linakosekana huku na kule, bila silinda moja ya kulaumiwa.

Kodi inayowaponza watu zaidi ni P0171. Kwa lugha rahisi inasema: hewa imezidi petroli. Anayetoa habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Mtu anasikia neno "oksijeni", anaenda kununua sensa ya oksijeni. Ni sawa na kumfukuza askari wa mlangoni kwa kuwa amekwambia nyumba ina mwizi.

Kuna dereva mmoja wa Probox, anayebeba mboga kutoka upande wa Mtwapa kuleta soko la Kongowea. Alikuwa amebadilishiwa sensa hiyo mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti, na kila mara taa ilizimwa ikakaa siku chache ikarudi. Gari ndilo linalomlipia karo ya watoto, kwa hiyo kila siku ya gereji ni siku bila mapato. Shida ilikuwa mpira mfupi wa kupumulia injini, nyuma ya manifoldi ya kuingizia hewa, uliokauka na kupasuka kwenye kona usikoweza kuuona ukisimama mbele ya gari. Mpira wenyewe ni wa urefu wa kidole.

Tuliupata vipi? Si kwa uganga. Mashine ile ile inayosoma kodi, hata vile vidude vidogo vinavyounganishwa na simu, huonyesha pia namba za marekebisho ya petroli. Kompyuta huanza na kiasi cha petroli ilichopangiwa, kisha huongeza au kupunguza kwa asilimia kulingana na sensa ya oksijeni inavyoripoti. Kuna marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu, unayajumlisha. Yakiwa karibu na sifuri, au hata ndani ya 10 juu au chini, injini haina malalamiko makubwa. Yakipanda 20 na zaidi upande wa kuongeza, P0171 iko njiani kama haijafika.

Sasa tazama namba hizo mara mbili. Kwanza gari likiwa limewashwa bila kukanyagwa, pale injini inapozunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika. Kisha kanyaga taratibu ufike 2,500 na ushikilie hapo. Probox ile ilikuwa 24 bila kukanyagwa, ikashuka hadi 5 ilipokanyagwa. Hiyo ni dalili ya hewa kuvuja baada ya throto. Injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya kwenye tundu ni sehemu kubwa ya yote inayoingia. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya tundu haionekani tena. Ikiwa kinyume chake, namba ni nzuri gari likisimama lakini inapanda ukilipa kazi, kama kupanda mlima na mzigo, tafuta upande wa petroli: pampu iliyochoka, filta iliyoziba, au sensa ya kupimia hewa iliyoshika uchafu. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kuiguswa kwa kitambaa wala mswaki.

Kipimo hicho huchukua dakika tano na hakihitaji spea hata moja. Ukimwona fundi ameshika mashine na hakukitazama, muulize.

Umri wa magari yetu unachangia. Sheria inaruhusu gari kuingia nchini likiwa halijapita miaka minane, na wengi hununua la miaka saba kwa kuwa ndilo wanalolimudu. Mpira wa miaka saba ukija kuishi kwenye joto la Pwani, nao unapikwa kila siku chini ya boneti, hudumu kidogo tu. Kabla ya lolote lingine, pitisha mkono kwenye kila mpira mdogo wa hewa, injini ikiwa baridi. Ukisikia umekuwa mgumu kama mkate wa juzi, badilisha.

Kwa kumisi kwa silinda moja, jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kuhamisha. Chukua koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Futa kodi, endesha. Kodi ikihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili ni mbovu, na umeithibitisha bila kununua kitu. Kodi ikibaki pale pale, hamisha plagi. Ikibaki tena, nozeli. Ikikataa kuhama kabisa, ni wakati wa kupima kompresha ya silinda zote. Ile iliyo chini sana kuliko wenzake inasema shida ni valvu, ringi au gasketi ya hedi, na hapo mazungumzo ya bei yanabadilika.

Ukichomoa koili, chungulia shimo la plagi. Mara nyingi nakuta limejaa oili iliyovuja kutoka gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Oili inalainisha mpira wa koili, cheche inatorokea pembeni badala ya kuruka kwenye plagi. Mtu anaweka koili mpya, gari linatulia mwezi mmoja, koili mpya nayo inaogelea. Hiyo "kodi inayorudi" si ya ajabu, gasketi haikubadilishwa. Na plagi zenyewe: za iridiamu halisi zinaweza kufika kilomita 100,000, za kawaida ni kama 30,000 hadi 40,000. Ukiuziwa "iridiamu" kwa bei ya plagi ya kawaida, umeuziwa plagi ya kawaida, ikiwa una bahati.

Jambo moja si la kuahirisha. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kupanga siku ya kwenda kwa fundi. Ikipepesa huku gari linatikisika, punguza mwendo na uache kukanyaga kwa nguvu. Kupepesa maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi, kile wanachokiita katalisti. Kikiyeyuka ndani, utaletewa P0420, na hiyo ni spea ghali yenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa sababu ya madini hayo kuna mafundi watakaokushauri "tukitoe tu, gari litapumua". Wanajua thamani ya wanachokitoa. Wewe utabaki na kelele, moshi na kodi isiyokwisha.

Si kila mtetemeko ni wa kumisi. Gari likitetemeka ukiwa kwenye D, mguu kwenye breki na kiyoyozi kimewashwa, kisha likatulia ukiweka N, na hakuna kodi yoyote, tazama maunti za injini kwanza. Hapo injini ni nzima, ila kitanda chake kimechanika. Foleni ya feri ya Likoni ni mahali pazuri pa kulijua hili, maana utapata muda wa kutosha wa kujaribu gia zote. Throto yenye masizi nayo hushusha mzunguko kiyoyozi kinapoingia. Isafishwe, lakini kwa magari mengi yenye throto ya umeme, hasa Nissan, kompyuta lazima ifundishwe upya baada ya kusafisha, la sivyo mzunguko utapanda na kushuka wenyewe na utadhani umeharibiwa gari.

Sisi wa karibu na bahari tuna mgonjwa mwingine: eathi. Chumvi hula ncha za waya unaounganisha injini na bodi. Dalili yake ni kodi nyingi zisizohusiana, zinazokuja na kuondoka, za sensa ya hapa na ya pale. Weka mita kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, mtu mwingine apige starta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, safisha au badilisha waya wa eathi kabla ya kununua sensa yoyote. Panya pia wasisahauliwe, hasa gari likilala karibu na ghala au jaa.

Petroli mbaya husingiziwa kuliko inavyostahili. Maji au uchafu kwenye tanki huathiri silinda zote, kwa hiyo tegemea P0300 na gari kuanza kusumbua muda mfupi baada ya kujaza. Kodi ikiwa ya silinda moja tu, mwache mwenye kituo cha mafuta.

Nirudi kwa neno "kuzima taa". Kufuta kodi, au kuchomoa betri usiku kama wengine wanavyoshauri, hufuta pia picha ambayo kompyuta ilipiga wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mzunguko, mzigo. Hufuta na yale marekebisho ya petroli iliyojifunza. Taa inakaa kimya siku kadhaa kwa sababu kodi nyingi zinahitaji kosa lionekane katika safari mbili ndipo iwake. Hivyo ndivyo gari linavyoonekana limepona mpaka umalize kulipa.

Kwa hiyo, kabla taa haijafutwa, piga picha kioo cha mashine kwa simu yako: kodi zote, ile picha ya hitilafu, na namba za marekebisho. Kubali kulipia kupimwa kama kazi inayojitegemea. Fundi asiyelipwa kwa kupima atajilipa kwa kuuza spea, na simlaumu sana, naye ana watoto. Lakini ukishamlipa, una haki ya kuuliza "umejuaje ni hiki?" na kuonyeshwa jaribio. Na spea ya zamani ikitolewa, ondoka nayo.