Bramall Lane: Uwanja wa kriketi uliotwaliwa na kandanda

Agosti 15, 1992, mchezo ukiwa dakika ya tano tu, Brian Deane wa Sheffield United aliruka juu, akaupiga mpira kwa kichwa na kumwacha kipa Peter Schmeichel hana la kufanya. Hilo ndilo bao la kwanza katika historia ya Ligi Kuu ya England. Deane akaongeza la pili kwa penalti, na Manchester United wakalala 2-1. Wengi wanaolikumbuka bao hilo hawajui kwamba uwanja lilipofungwa, Bramall Lane, haukujengwa kwa ajili ya soka. Ulikuwa wa kriketi, na kwa miaka 111 michezo hiyo miwili iliishi humo pamoja, mpaka mgeni alipomtoa mwenyeji.

Sheffield ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji wa chuma, visu na moshi. Mwaka 1854, vilabu sita vya kriketi viliungana kutafuta mahali pa kuchezea, vikapata eneo la takriban hekta tatu na nusu kusini mwa mji, mbali kidogo na matanuri, hewa ikiwa bado safi. Ardhi ilikuwa mali ya Duke wa Norfolk, aliyevikodishia kwa miaka 99 kwa pauni 70 kwa mwaka. Muungano huo ukaitwa Sheffield United Cricket Club, na Aprili 30, 1855 mechi ya kwanza ikachezwa. Miaka minane baadaye, Januari 1863, wanakriketi walikutana katika hoteli ya Adelphi mjini humo wakaunda klabu ya kriketi ya jimbo la Yorkshire, na Bramall Lane ikawa maskani yake.

Wakati huo kandanda ilikuwa imeshabisha hodi. Desemba 29, 1862, timu za Hallam na Sheffield zilicheza hapo mechi ya hisani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekatiza pamba iliyolisha viwanda vya Lancashire, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila mshahara. Viingilio vya siku hiyo vilikwenda kuwasaidia. Uwanjani hisani ilikuwa haba: wachezaji walishikana mashati na ngumi zikarushwa, na mechi ikaisha 0-0.

Wenye uwanja waliliona jambo moja mapema. Kriketi ni mchezo wa kiangazi, na uwanja usiochezewa miezi yote ya baridi hauingizi kitu. Mpira wa miguu ungeijaza miezi hiyo.

Ubunifu wao ulifika mbali Oktoba 14, 1878, timu mbili zilizoongozwa na ndugu wawili, Charles na William Clegg, zilipocheza usiku. Ilikuwa mwaka mmoja kabla Thomas Edison hajaonyesha balbu yake. Taa nne kubwa zilitundikwa kwenye minara ya mbao yenye urefu wa mita tisa hivi, moja kila pembe, na injini za mvuke nyuma ya magoli zikazungusha mitambo ya umeme. Watazamaji walikadiriwa kufika 20,000, lakini waliolipa walikuwa kama 12,000. Mwanga uliwaangazia wachezaji, giza la nje likawafaa waliopenda kuingia bure.

Kwa miaka mingi mpangaji mkuu wa soka alikuwa The Wednesday, klabu iliyotokana na timu ya kriketi. Mwaka 1887 klabu hiyo ilihamia uwanja wake wa Olive Grove, na kamati ya Bramall Lane ikabaki na nyasi tupu wakati wa baridi. Machi 16, 1889, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Preston na West Bromwich ilileta watu 22,688 na zaidi ya pauni 570 mlangoni. Kamati haikungoja kuambiwa mara mbili. Siku sita baadaye, katika hoteli ileile ya Adelphi, iliunda timu yake ya soka, Sheffield United, ikiipa jina la klabu mama ya kriketi.

Mtoto huyo alikua haraka. Timu ilitwaa ubingwa wa England mwaka 1898 ikiongozwa na Ernest Needham, kisha Kombe la FA mwaka 1899 na 1902. Needham alicheza kriketi katika jimbo la Derbyshire, na hata kipa Billy Foulke, bonge la mtu lililozidi kilo 120, aliichezea Derbyshire mechi chache.

Kriketi nayo ilipata siku yake kuu Julai 1902, England ilipoikaribisha Australia katika mechi ya kimataifa ya Testi. Mji ulikuwa umeshauzunguka uwanja na moshi umewafuata wachezaji huko walikokimbilia, hata mwanga wenyewe ukawa hafifu. Australia ilishinda kwa mikimbio 143, na mechi ya Testi haikurudi tena. Makao ya Yorkshire nayo yalihamia Leeds, katika uwanja wa Headingley.

Mabomu ya Wajerumani ya Desemba 1940 yaliharibu jukwaa la John Street na kuchimba mashimo uwanjani, lakini michezo yote miwili ilisalimika. Kilichoivunja ndoa hiyo ni nafasi. Ili kriketi ichezeke, uwanja wa soka ulikuwa na majukwaa pande tatu tu, na upande wa nne ulikuwa nyasi tupu hadi kwenye banda la wanakriketi. Klabu ya soka ilitaka viti vya kuuza. Agosti 7, 1973, Yorkshire na Lancashire zilimaliza mechi ya mwisho ya kriketi ya majimbo hapo. Miaka miwili baadaye, jukwaa jipya la kusini lilisimama palepale walipokuwa wakikimbia wanakriketi.

Hesabu hiyo haikulipa upesi. Msimu wa kwanza wa jukwaa hilo, Sheffield United ilishika mkia na kushuka daraja, na mwaka 1981 ikajikuta daraja la nne. Bao la Deane lilikuwa tunda la kupanda upya hatua kwa hatua.

Soka ilianza kama njia ya kuitunza kriketi wakati wa baridi, na waliofungua mlango ni wanakriketi wenyewe. Yorkshire iliendelea kucheza Sheffield katika uwanja wa Abbeydale hadi 1996, kisha ikaondoka. Leo, mpenzi wa kriketi wa mji uliozaa klabu hiyo hulazimika kupanda treni hadi Leeds kuitazama.