Yusuf bin Hasan: mfalme aliyelelewa na waliomuua baba yake

Kila tunapozungumzia Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tunawataja Wareno na Waomani. Leo tumweleze mwana wa mfalme aliyeiteka akiwa ndani yake.

Yusuf bin Hasan alitoka ukoo wa kifalme wa Malindi, ambao Wareno waliuhamishia Mombasa. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614. Kichwa chake kilipelekwa Goa, India. Mtoto naye akapelekwa Goa, bado mdogo.

Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Agustino walimlea, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza kupiga mizinga na akapigana kwenye meli za Wareno. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kutawala, nao wakaamini wamepata mtu wao. Wageni wengi wametawala hivyo. Hata kwetu, Wajerumani walimwongezea nguvu Omukama Kahigi wa Kianja kwa kuwa alishirikiana nao. Yusuf yeye aliwageuka.

Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alimdharau. Kisha zikaenea habari kwamba mfalme ameonekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, jambo ambalo lingemfikisha mbele ya mahakama ya kanisa kule Goa. (Mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi?) Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni kisu. Mjini waliuawa Wareno, wanawake na watoto wakiwemo, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kusilimu. Hapo hatuwezi kumpamba.

Mapema mwaka 1632 meli za kivita zilitoka Goa zikaizingira Mombasa, zikashindwa. Mizinga aliyofundishwa na Wareno sasa iliwalenga wao. Lakini alijua watarudi na nguvu kubwa zaidi. Mwezi Mei aliiharibu ngome, akapanda meli na kuondoka. Tangu hapo alikuwa mtekaji wa meli baharini, hadi alipofia upande wa Bahari ya Shamu, miaka michache baadaye.

Wareno waliikuta Mombasa haina mfalme. Kapteni mpya aliyewekwa mwaka 1635, Francisco de Seixas de Cabreira, alichonga juu ya lango la ngome maandishi ya kujisifu jinsi alivyoitiisha pwani. Maandishi hayo yapo mpaka leo.